UCHUNGUZI WA HITILAFU DARASANI: MFANO WA INJINI INGURUMAYO JUU ASUBUHI

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kinondoni, Temeke na wilaya nyingine za Dar es Salaam, hasa wale watakaofundisha Sayansi katika madarasa ya juu. Shabaha yake ni kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuwafundisha watoto njia ya kutafuta chanzo cha hitilafu, akitumia jambo wanalolisikia kila siku kabla ya kengele ya asubuhi: gari lililolala usiku kucha huwashwa, nalo hunguruma kwa sauti ya juu ingawa hakuna aliyekanyaga mafuta.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, hauhitaji zana za gharama. Mitaa ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale imejaa gereji za chini ya miti, na ni nadra kumpata mtoto wa huko asiyeijua sauti ya daladala, bajaji au pikipiki inayopashwa moto alfajiri. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jibu la kwanza linalomjia mtu, yaani "gari limeharibika", mara nyingi si la kweli. Injini huweza kunguruma juu kwa sababu ni nzima. Mtoto akilielewa hilo atakuwa amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hulilipia fedha nyingi gerejini bila ya kujifunza.

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha nimeona aghalabu mwanachuo akiandika ubaoni orodha ya "sababu saba za injini kunguruma", watoto wakainakili, na kipindi kikaisha. Orodha hiyo huweza kuwa sahihi neno kwa neno. Hata hivyo mtoto aliyeikariri, akipelekwa mbele ya gari moja lenye shida moja, hajui aanzie wapi. Atataja sehemu ya kwanza katika orodha na kupendekeza inunuliwe mpya. Huko ni kubahatisha, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Injini ikizunguka huku gari limesimama na mguu haupo kwenye pedali ya mafuta, mzunguko huo tutauita mzunguko wa kupumzika. Gerejini huenda ukausikia ukiitwa sailensa. Hupimwa kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Magari mengi yana saa ya kuuonyesha kwenye dashibodi, yenye tarakimu 1, 2, 3 na kuendelea, kila tarakimu ikisimama badala ya mizunguko elfu moja. Injini ya petroli ya gari dogo iliyokwisha kupata moto hupumzika kati ya mizunguko 600 na 900 hivi. Ile ile ikiwa baridi huweza kuanza kwa 1,200, 1,500 au zaidi kidogo.

Baridi ya mtu na baridi ya injini

Somo lianze na neno "baridi", kwani hapo ndipo watoto wengi hukwama. Mtoto wa Dar es Salaam atakuambia kuwa hapa hakuna baridi. Baridi iko Makete au Mbulu. Mwulize: mwezi wa Julai, alfajiri, joto hushuka mpaka wapi? Ni kama nyuzi 19 za sentigredi. Kisha mwambie kuwa maji yanayopoza injini inayofanya kazi sawasawa huwa na joto la nyuzi 90 hivi. Watoto watoe wenyewe: 90 kutoa 19 ni 71. Sasa wafanye hesabu hiyo kwa asubuhi ya Januari yenye nyuzi 26. Tofauti ni 64. Kwa injini, basi, asubuhi ya Januari huku Temeke nayo ni baridi, na gari la Mbagala hufanya lile lile lifanywalo na gari la Makete, ila kwa muda mfupi zaidi.

Kwa nini injini baridi ihitaji kuzunguka haraka? Ziko sababu mbili ambazo mtoto wa darasa la tano au la sita anaweza kuzishika kwa mikono yake mwenyewe.

Ya kwanza ni uzito wa oili. Mwalimu alete chupa mbili ndogo za mafuta ya nazi. Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kila mama wa pwani anajua kuwa asubuhi ya Julai hulazimika kuianika chupa juani ndipo yamiminike. Chupa moja iwekwe katika maji ya baridi, nyingine juani. Baada ya dakika ishirini mtoto mmoja azilaze zote mbili kwa pamoja, wenzake wahesabu sekunde hadi mafuta yafike shingoni. Oili ya injini haigandi kama mafuta ya nazi, na jambo hili lisemwe wazi wasije wakaelewa vibaya, lakini nayo huwa nzito ikipoa. Vyuma vinavyosuguana ndani ya oili nzito hupata taabu kuzunguka, na injini isipopewa nguvu ya ziada huzimika.

Ya pili ni petroli yenyewe. Petroli haiungui vizuri ikiwa matone. Hapana budi igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa, kwa kadiri ya kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ndani ya injini baridi sehemu ya petroli hubaki imelowa kwenye kuta za njia za kuingilia, kama umande. Kwa hiyo mchanganyiko unaofika kwenye plagi huwa na upungufu wa mvuke, ijapokuwa petroli iliyotumika ni nyingi. Dawa yake ni kuongeza petroli, na hewa nayo iongezwe ili mizunguko iwe mingi na injini ipate moto upesi. Jaribio lake ni jepesi: vifuniko viwili vya sufuria, kimoja kimekaa juani, kingine kivulini, kila kimoja kitiwe matone matano ya maji. Kipi kitakauka kwanza? Yatumike maji tu. Petroli isiingie darasani, hata tone moja.

Katika magari ya leo iko sababu ya tatu, nayo ni kukipasha moto upesi kile kichujio cha moshi kilichomo katika bomba la ekzosi, maana hakisafishi moshi kikiwa baridi. Kwa watoto wa shule ya msingi itoshe kuitaja.

Sasa, nani huiambia injini kuwa ni baridi? Katika pikipiki, bajaji na jenereta nyingi zenye kabureta kazi hiyo ni ya mtu: yeye huvuta choki, na yeye huirudisha. Katika magari mengi tunayoyaona barabarani, hasa yale yaliyoagizwa Japani yakiwa yametumika, iko sensa ndogo inayogusa maji ya kupozea na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Mimi hupenda kuiita sensa hiyo mjumbe. Mtoto anayemfahamu mjumbe wa mtaani kwao huelewa mara moja kuwa mjumbe huweza kupeleka habari ya kweli, huweza kupeleka ya uongo, na pengine ujumbe haufiki kabisa. Mfano huu tutauhitaji mbele kidogo.

Swali linalotangulia mengine

Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, na mwalimu asipite haraka. Kabla ya kuuliza "nini kimeharibika?" mtoto ajizoeze kuuliza "je, kuna kilichoharibika?" Njia nyepesi ya kumfikisha hapo ni kupitia zahanati. Zamani mtoto akipata homa ilidhaniwa moja kwa moja kuwa ni malaria, akapewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza kabla ya kutibiwa. Watoto wengi wamekwisha kutobolewa kidole kwa ajili ya kipimo kile cha haraka na wanakumbuka kuwa mara nyingine majibu huwa hakuna malaria. Mngurumo wa asubuhi ni kama ile homa: ni dalili, na dalili hupimwa.

Hupimwaje? Kwa saa ya mkononi na saa ya mizunguko. Mwenye gari huliwasha likiwa limelala usiku kucha, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, wala hagusi pedali ya mafuta. Kila dakika moja husoma mizunguko na mtoto mmoja huandika. Gari lisipokuwa na saa hiyo, darasa litumie masikio: kila dakika watoto waandike "juu", "kati" au "chini", kila mtu peke yake kwanza, ndipo walinganishe. Utaona kuwa hawapatani sana, na hilo lenyewe ni somo zuri kuhusu faida ya kipimo.

Kwa darasa lisiloweza kwenda gerejini, tumia mifano ifuatayo niliyoitunga kwa ajili ya kufundishia. Iandike ubaoni, kisha watoto wachore grafu, dakika zikiwa chini na mizunguko ubavuni.

Gari A, kuanzia dakika ya sifuri hadi ya sita: 1,500, 1,400, 1,250, 1,050, 900, 800, 750.
Gari B, dakika hizo hizo: 1,500; 1,500; 1,450; 1,450; 1,450; 1,400; 1,400.
Gari C: 1,500, 1,600, kisha 1,900 na 1,200 kwa zamu, juu na chini, bila kutulia.
Pikipiki D, ambayo haina saa: chini, kati, juu, juu sana.

Usiwaambie lipi ni zima. Waache waitazame mistari. Kwa kawaida watoto huliona upesi gari C kuwa ni gonjwa. Kwa gari A na B hubishana, kwa sababu yote mawili yalianza kwa 1,500, na aliyezoea kusikiliza sekunde za kwanza tu hawezi kuyatofautisha. Mstari wa A unateremka kadiri injini inavyopata moto. Gari hilo halina shida yoyote, na fundi mwaminifu humwambia mwenyewe aende zake. Mstari wa B umekataa kuteremka. Tofauti yao imo katika muda, wala haimo katika sauti ya kwanza.

Pikipiki D

Nianze na D kwa sababu ni nyepesi na watoto wataitatua wenyewe. Dereva wa bodaboda amevuta choki, injini imewaka kwa uzito, kisha dakika mbili baadaye inapanda juu yenyewe hata majirani wanaamka. Hakuna aliyeigusa. Ni nini kilichobadilika? Joto. Petroli ile ya ziada, ambayo injini baridi haikuweza kuigeuza yote kuwa mvuke, sasa inageuka na kuungua, na choki bado imevutwa. Dereva akiirudisha, mngurumo hushuka. Akiisahau, atapoteza mafuta na plagi itajaa masizi.

Magari ya zamani yenye kabureta na choki ya kujiendesha yalikuwa na tabia inayofanana na hii. Kijino kilichoshikilia mzunguko wa juu hakikuachia mpaka dereva aguse pedali ya mafuta mara moja. Wazee waliyazoea, waliiwasha injini, wakanywa chai, wakarudi, wakaligusa pedali, sauti ikashuka. Kijana asiyejua angeipeleka gari kwa fundi.

Gari B, na maswali ya kumwuliza mwenye gari

Gari B linataka subira. Mtoto wa kwanza kunyoosha mkono atasema "sensa imekufa". Huweza kuwa kweli, lakini bado hatujauliza swali lililo karibu zaidi: je, injini imepata moto kweli? Iko saa nyingine kwenye dashibodi, ile ya joto. Dakika kumi zimepita. Mshale umepanda au umelala?

Kama mshale umelala, huenda mjumbe anasema kweli: injini bado ni baridi, na kompyuta inafanya wajibu wake. Hapo tuulize kwa nini injini haipati moto. Na hapo ndipo tunapokutana na jambo linalofahamika sana katika gereji zetu. Katika njia ya maji kati ya injini na rejeta kuna kifaa kidogo kiitwacho themostati. Injini ikiwa baridi huziba njia ili maji yasiende kupozwa bure. Joto likifika kiwango chake, nta iliyomo ndani yake huyeyuka na kutanuka, ikasukuma kilango, maji yakapita. Gari likichemsha, mafundi wengine huiondoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wa theluji. Maji hupita wakati wote, gari huacha kuchemsha kwa muda, mteja hufurahi. Lakini rejeta iliyoziba au feni dhaifu iliyoleta shida hubaki pale pale. Zaidi ya hayo, injini sasa huchelewa kupata moto kila asubuhi, hunguruma juu kwa muda mrefu, na hunywa petroli nyingi kuliko ilivyopasa.

Tazama basi: mngurumo wa leo umezaliwa na matengenezo ya mwezi uliopita. Ndiyo maana mchunguzi huuliza historia, kama daktari. Limeanza lini? Kabla ya hapo lilifanyiwa nini? Nani alilifungua? Wafundishe watoto kuyauliza maswali haya kwa adabu, wakianza na "Shikamoo, Fundi", na wala yasisikike kama shutuma. Fundi aliyeiondoa themostati huenda alikuwa na mteja asiye na fedha za rejeta.

Themostati ni zana bora ya kufundishia na haipati heshima yake. Omba moja kuukuu kwa fundi, au nunua dukani Kariakoo. Mara nyingi imeandikwa namba, kama 82 au 88, ambayo ni joto la kuanza kufunguka. Ifunge kwa uzi, itumbukize katika sufuria ya maji isiguse kitako, na maji yachemshwe pole pole huku kipimajoto kikisomwa. Kitumike kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 100 au zaidi. Kile cha zahanati kitapasuka. Mwalimu ndiye akaaye karibu na jiko, watoto wasimame hatua mbili nyuma. Kilango kitafunguka mbele ya macho yao, na maji yakipoa kitajifunga. Wanaweza kulinganisha namba waliyoisoma na ile iliyoandikwa. Sijaona darasa lililochoshwa na jaribio hili.

Sasa upande wa pili: mshale wa joto umepanda vizuri, na mngurumo bado uko juu. Injini ina moto, ila kuna asiyejua au kuna hewa inayoingia kwa njia isiyo yake. Hapa mpangilio wa kazi ufuate urahisi na gharama. Anza na kinachoonekana bure. Zulia la miguuni limekalia pedali? Kebo ya mafuta imekazwa mno au imekwama? Kilango cha hewa kina uchafu mweusi unaokizuia kufunga? Maji ya rejeta yamepungua? Maji yakipungua, hewa hukaa mahali pa maji, na mjumbe aliyezungukwa na hewa hawezi kutoa habari ya kuaminika. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa. Likiwa na moto maji yake yana shinikizo na huunguza uso. Baada ya hayo yote ndipo tufike kwenye sensa. Mwanachuo akumbuke pia kuwa katika magari mengi mshale wa dashibodi na kompyuta vina sensa mbalimbali, kwa hiyo mshale kupanda hakuthibitishi kuwa kompyuta nayo imepata habari hiyo. Wajumbe ni wawili, na mmoja aweza kusema kweli huku mwenzake anadanganya.

Gari C, na mchezo wa uwanjani

Kupanda na kushuka kwa gari C huwashangaza watoto, kwa maana huonekana kama gari lina akili mbovu. Maelezo yake ni haya. Mpira wa hewa umepasuka, au kilango cha hewa ya ziada kimekwama wazi, kwa hiyo hewa nyingi inaingia na mizunguko inapanda. Kompyuta inaona mguu haupo kwenye mafuta lakini mizunguko imezidi kiwango, nayo hukata petroli, kama inavyofanya gari likiteremka mlima. Mizunguko huanguka. Ikifika chini, petroli hurudishwa ili injini isizimike, na ile hewa ya ziada huipandisha tena.

Kwa maneno matupu hayaeleweki. Chora mstari wa namba uwanjani, kutoka 0 hadi 10. Mtoto mmoja ni Injini. Kazi yake ni kusonga mbele hatua moja kila upigapo kofi. Mwingine ni Kompyuta, Injini akifika 8 humwambia "Kata!" na Injini hurudi nyuma hatua moja kwa kila kofi, akifika 5 humwambia "Rudisha!" Piga makofi dakika mbili. Kisha uliza: ni nani kati yao aliyekosea? Wataona kuwa kila mmoja alifuata amri yake sawasawa, na hitilafu iko kwa yule asiyeonekana, yaani hewa inayomsukuma Injini mbele kila mara.

Fundi mzuri huitafuta hewa hiyo kwa kubana mipira mmoja mmoja na kusikiliza: ukibanwa ule wenye kosa, sauti hubadilika. Wapo wanaonyunyiza petroli juu ya mipira ili wasikie mabadiliko. Njia hiyo imekwisha kuwasha moto magari, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Katika kubana mipira imo kanuni ninayotaka ikae vichwani: kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu akibana mpira huku mwenzake anawasha kiyoyozi, mizunguko itabadilika na hakuna atakayejua kwa nini. Na anayenunua sensa mpya, plagi mpya na kebo mpya kwa siku moja, gari likipona, hajui hata sasa ni kipi kilichokuwa kibovu.

Mtoto wa fundi

Katika shule za Tandika au Mwananyamala mwanachuo atakutana na mtoto ajuaye magari kuliko yeye. Wengine huogopa na kumnyamazisha. Wengine humwachia darasa zima. Yote mawili ni makosa. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, hiyo ni sensa. Baba alibadilisha ya Noah, ikatulia."
"Vizuri. Hiyo tuiandike ubaoni upande wa dhana. Sasa upande wa tuliyoyaona, tuandike nini?"
"Haishuki."
"Baada ya dakika ngapi?"
"Sita, Mwalimu."
"Na kama ni sensa, mshale wa joto tungeutazamia uwe wapi?"
"Uwe juu... kama injini ina moto."
"Nani ataukagua?"

Ubao umegawanywa sehemu tatu: tuliyoyaona, tunayodhani, na jinsi ya kujaribu. Ujuzi wa mtoto umepokewa kwa heshima, ukawekwa mahali unapoweza kupimwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliikosoa elimu iliyowafanya vijana wadhani kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Baba wa mtoto huyo ana maarifa. Akialikwa shuleni, aketishwe kama mwalimu mgeni, na aelezwe mapema kwamba watoto watamwuliza "umejuaje?" Asipoelezwa huenda akaudhika.

John Dewey wa Marekani aliandika mwaka 1910 juu ya hatua tano za kufikiri, kutoka kuhisi tatizo hadi kuijaribu dhana. Mtihani wa chuo huweza kukutaka uzitaje. Watoto hawazihitaji kwa majina. Wakiijaza ile sehemu ya tatu ya ubao kabla ya kutaja kitu cha kununua, wamekwisha kuzipita.

Ziara ya gereji

Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi ipatikane kwa maandishi. Kundi lisizidi watoto kumi. Injini iwashwe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda au kontena, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuinyima oksijeni. Watoto wasimame ubavuni mwa gari, upande utokako upepo, wala si mbele yake au nyuma yake. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe magurudumuni. Gari lenye mzunguko wa 1,500 likitiwa gia huruka kwa nguvu kuliko lile la 750, na hili waelezwe. Hakuna mtoto wa kuketi kiti cha dereva. Mitandio, tai na mikono ya mashati vikazwe, maana feni ya rejeta huweza kuanza kuzunguka yenyewe bila taarifa.

Zoezi kwa mwanachuo

1. Andaa somo la vipindi viwili kwa darasa la sita ukitumia magari A, B, C na pikipiki D. Onyesha ni wapi utakaponyamaza ili watoto wabishane, na kwa dakika ngapi.

2. Mwanafunzi ameandika: "Gari B ni bovu kwa sababu linapiga kelele." Andika maswali mawili utakayomwandikia daftarini badala ya alama ya kosa.

3. Katika mtaa unaokaa, mwulize fundi mmoja na dereva mmoja wa bodaboda wanavyoutambua mngurumo wa kawaida na usio wa kawaida. Andika majibu yao kwa maneno yao wenyewe, kisha yagawe katika sehemu tatu za ubao.

4. Gari lina mshale wa joto uliolala baada ya dakika kumi na tano, na mwenyewe amekwisha kununua sensa mpya bila mafanikio. Eleza utakachokagua kwanza, na utarajie kuona nini kama dhana yako si sahihi.